Alama Niliyoifuta Leo Mashineni

Bondeni, Kyela
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Sekela mwanangu,

Ugonile, mwana gwangu? Nakusalimia salamu ya asubuhi na jua bado liko juu ya paa la mashine, kwa sababu barua hii nitaiweka juu ya begi lako na utaikuta ukiamka. Nimefunga mashine ya kukoboa saa tisa hii, msimu wa mpunga huu, watu wamepanga magunia mpaka barabarani. Mama Lugano, mteja wetu wa siku zote, kaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijafiwa, nina barua ya kuandika. Kaondoka anatikisa kichwa.

Habari za sweta, dawa, na kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, shangazi yako amekuimbia wiki nzima, na ameimba vizuri. Mimi nina la kwangu, na nina hasira. Nyingine nimekukasirikia wewe, nyingine nimejikasirikia mwenyewe. Nitajitahidi kuzitenganisha, ingawa sijui kama nitaweza.

Juzi jikoni ulikuwa unachambua mchele kwenye ungo, ukaniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani: "Mama, mkuu wa maabara kule ninakokwenda ameniandikia. Anasema ile kazi yangu ya mdomo wa injini unaofunguka niiache. Anasema ilishajaribiwa na wakubwa ikashindikana. Nikifika nisaini fomu ya kubadilisha mada." Nikakuuliza, wewe unaonaje? Hukuinua kichwa. Ukasema, "Mama, mgeni hachagui."

Mgeni hachagui! Nani kakufundisha huo usemi? Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wamekuita kwa sababu ya kazi ile ile, wameisoma, wameisifia, wamekutumia tiketi, halafu mguu hujatia ndani unaambiwa uiache mlangoni kama ndala. Na wewe, uliyebishana na mchungaji siku ya kipaimara mpaka akafungua Biblia upya, unasema sawa!

Sikukujibu. Ulidhani nimekubali, nikakuona unashusha pumzi. Sikukubali, mwanangu. Mdomo wangu ulikuwa umejaa jambo la miaka kumi na mitatu, na nilijua nikilifungua pale jikoni nitalia mbele ya shangazi yako, naye ataliimba mpaka Mwaya kwa ukoo wa baba yako. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikuonyeshe kwamba nilikuwa nasikiliza. Mwaka juzi ulinipigia simu kutoka chuoni Dar es Salaam, furaha imekujaa mpaka unameza maneno. Ulisema ipo injini ya chombo kinachokwenda mara tano ya kasi ya sauti, hata zaidi. Haina mapanga ya kuvutia hewa. Inakula hewa inayoijia yenyewe, kupitia mdomo wa mbele unaozidi kubana kuelekea kooni. Nikasema enhe. Ukasema koo likiwa jembamba hewa inashindiliwa vizuri na moto unawaka vizuri, kwa hiyo kila mtu anataka koo jembamba. Lakini ukianza nalo jembamba hivyo, hewa inagoma. Inajenga ukuta pale nje ya mdomo, ukuta wa hewa yenyewe, ninyi mnauita wimbi la mshtuko, na hewa inayofuata inagonga hapo na kumwagikia pembeni. Injini inakaa na njaa katikati ya upepo wote ule. Nikasema enhe. Ndipo ukapaza sauti: "Sasa mama, ajabu yake ni hii! Ukilifungua koo kidogo mwanzoni, ule ukuta unamezwa, unapita ndani. Ukishapita, unaweza kulibana koo polepole mpaka pale pale ilipogoma mwanzo, na haigomi tena!"

Mimi nilijua wazo hilo umelitoa wapi. Sijui kama wewe ulijua, au ulijua ukanisitiri. Nikasema, "Halo? Halo? Sekela, mtandao unasumbua," nikakata simu. Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikaa juu ya gunia la mpunga wa watu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya kuanua matanga, ukoo wote umekaa uwanjani Mwaya, kaka yake, baba yako mkubwa Ambakisye, akasimama akasema mashine ya kukoboa ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu inarudi kwa ndugu zake. Mwanamke atawezaje injini ya dizeli? Wazee wakaitikia. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa kanga, na desturi inataka mjane anyamaze. Nikasimama. Nikasema, "Mashine haitahama Bondeni. Itabaki kama alivyoiacha mwenyewe. Hata nati haitaguswa. Alama yake ipo pale kwenye chuma, mje muione wakati wowote. Mkikuta imeguswa, ichukueni."

Nilijiona nimeshinda. Wazee wakatazamana, baba mkubwa akakaa, na mimi nikarudi mjini kwenye mashine yangu. Sikujua kwamba nimejifunga kamba kwa mkono wangu mwenyewe.

Alama hiyo unaikumbuka. Pale mdomo wa chini, mchele unapotokea, pana kile kibati kinachosogezwa kwa nati: ukikibana, mchele unakaa zaidi ndani na kutoka mweupe, ukikilegeza, unatoka haraka na chuya tele. Baba yako alipiga mstari wa rangi nyekundu kwenye chuma, ubavuni mwa kibati, kuonyesha pa kukibania. Mimi nikaufanya mstari ule hati ya mashine. Kila asubuhi nilikuta kibati kiko kwenye mstari, nikakiacha kwenye mstari, nikapiga hendeli, nikamwaga mpunga kule juu. Na kila asubuhi mashine ilikabwa. Mpunga ulijaa ndani, ukakosa pa kutokea, ukafurika juu na kumwagika sakafuni. Mkanda ukateleza ukanuka mpira ulioungua, injini ikakohoa moshi mweusi, ikafa. Nikafungua kifuniko, nikachota mpunga wa moto kwa viganja. Haya makovu ya vidoleni uliyokuwa ukiyahesabu ukiwa mgonjwa wa surua yametoka hapo. Mara ya tatu au ya nne mashine ilikubali, sijui kwa nini, ikaenda vizuri mpaka jioni. Kesho yake, yale yale.

Watu wakaanza kuhamia mashine ya kule stendi. Wakasema marehemu ameondoka na mashine yake. Na baba mkubwa akaanza kuja. Alikaa kwenye benchi pale karibu na mtungi wa maji uliofinyangwa Matema, fimbo katikati ya magoti, akatazama tu. Kila alipokuja aliinama kwanza kuangalia mstari mwekundu, kisha ndipo akanisalimu.

Sasa ile siku. Nitaiandika yote, hata ile sehemu ninayotamani uwe umeisahau.

Ilikuwa Jumamosi, umevaa sare ya shule ya juzi kwa sababu gauni lilikuwa halijakauka. Mashine ilishakabwa mara mbili. Wanawake sita wa Mwaya walikuwa kwenye foleni, na baba mkubwa yuko kwenye benchi. Ulinivuta kanga ukaninong'oneza, "Mama, inakabwa kwa sababu haina pa kutokea. Tulegeze kwanza, ikishachangamka tubane." Nikakwambia nyamaza. Nikatoka nje kuchukua debe. Nikiwa nje nikasikia injini inalia vizuri, laini, mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu baba yako. Nikaingia ndani nikakukuta umepiga magoti kwenye pumba, spana mkononi, kibati umekifungua upana wa vidole vitatu nje ya mstari, mchele unatoka wa hovyo na chuya zake, na wewe unakaza nati kidogo, unasikiliza, unakaza tena kidogo. Mchele ulikuwa unaanza kuwa mweupe. Naapa niliuona unaanza kuwa mweupe.

Baba mkubwa akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua: "Naona siku hizi mashine ya marehemu inachezewa na watoto."

Nikakupiga kofi. Mbele ya wanawake sita na huyo mwanaume mmoja. Spana ikaanguka kwenye pumba. Nikakirudisha kibati kwenye mstari, mashine ikakohoa, ikakabwa, ikafa pale pale, mpunga wa Mama Lugano ukamwagika sakafuni. Watu wakacheka. Mama Lugano peke yake hakucheka. Alisema, "Mama Sekela, umempiga fundi."

Wewe hukulia. Uliokota spana, ukaipangusa kwa sketi, ukaiweka juu ya benchi karibu na baba mkubwa, ukatoka. Miaka mitatu hukukanyaga tena mle ndani. Ulikuja na chakula changu ukakiacha kizingitini. Ulisomea nje, umeegemea ukuta, pumba zinakudondokea kwenye daftari. Mimi nikawaambia watu kwamba mwanangu anapenda upepo wa nje. Loh, mtu mzima mimi!

Najua utanitetea. Utasema mama alikuwa anaogopa kunyang'anywa mashine, na mashine ndiyo iliyotulisha. Ni kweli niliogopa. Lakini usinitetee haraka hivyo, kwa sababu bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Kofi lilikuwa la woga, na woga una dakika zake. Kosa ni la miezi minne baadaye, nalo nililifanya kwa akili timamu.

Mvua kubwa ilikuwa imefunga barabara ya Mwaya, hakuna mteja, wewe uko shule. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikakilegeza kibati vidole vitatu kama ulivyofanya wewe, nikapiga hendeli, nikamwaga mpunga wetu. Ikaenda. Nikabana kidogo, ikaenda. Nikabana mpaka kwenye mstari wa baba yako, ikaenda! Nikaupita mstari, unywele mmoja tu, ikaenda, na mchele ukatoka mweupe, mzima, chenga kidogo sana. Nikapiga kigelegele peke yangu mle ndani mlango umefungwa.

Kisha nikazima, nikakitoa kibati chote nikisafishe, na hapo nikaona kitu kilichonikalisha chini. Kwenye chuma, chini ya kibati, nati ilikuwa imechora mstari wa mikwaruzo. Ulianzia nje kabisa, vidole vitatu kutoka kwenye rangi nyekundu, ukaja ndani mpaka kwenye rangi. Mikwaruzo ya miaka mingi, mmoja juu ya mwingine. Baba yako alikuwa anakilegeza kila siku asubuhi na kukibana kila siku asubuhi. Mimi sikuwahi kumwona, kwa sababu saa hizo nilikuwa shambani. Nilikuwa nafika mashineni saa nne na uji wake, injini imekwisha kuchangamka. Ule mstari mwekundu ulikuwa pa kumalizia, Sekela. Hakuna siku alisema ni pa kuanzia. Sisi tuliobaki, kwa heshima zetu, ndio tuliokifanya cha mwisho kuwa cha kwanza, halafu tukashangaa kwa nini mashine inakabwa.

Na wewe, mtoto wa miaka kumi na mitatu, bila kuona mikwaruzo, bila kuambiwa na mtu, ulikisikia kwa masikio yako tu.

Jioni ile ulirudi kutoka shule. Nilikuwa nimepika mchele ule ule. Ukala ukasema, "Mama, mchele wa leo mzuri." Nilikuwa na nafasi, neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikasema, "Ni mpunga wa kule kwa bibi yako."

Tangu siku hiyo nimekoboa kwa njia yako kila siku ya Mungu. Wateja walirudi wote, wakaleta na wa Matema. Ndugu zako wamesoma kwa njia yako, na bati la nyumba hii ni la njia yako. Watu walipouliza siri ni nini, nilisema, "Ni alama ya marehemu. Nimeiheshimu, naye ananibariki." Wakasema amina. Na kila jioni kabla ya kufunga nilikirudisha kibati kwenye mstari, ili baba mkubwa akija akikute kama alivyokiacha ndugu yake. Miaka kumi na mitatu ya kubana na kulegeza kwa kujificha! Nilichukua kitu chako nikampa marehemu, kwa kuwa marehemu habishiwi na mtoto wa kike anabishiwa.

Ndiyo sababu simu ile nilikata. Na ndiyo sababu juzi jikoni uliposema mgeni hachagui, niliona kofi langu bado liko shavuni mwako. Umekua, umesoma hesabu ambazo mimi hata kuziangalia zinaniumiza macho, lakini mtu mzima mwenye cheo akisema kwa upole "usiguse," spana inakudondoka. Hilo hukuzaliwa nalo. Nimekupa mimi.

Sasa nisikilize. Sidai najua hewa. Uliniambia siku nyingine, "Mama, usifananishe sana, hewa haina chuya," na tulicheka wote. Sijui kama mdomo wako utafunguka na kufunga kwenye joto hilo la kuyeyusha chuma unalolisema. Labda mkuu wa maabara ana haki. Labda vipande vinavyosogea vitaungua, au vitakuwa vizito kuliko faida yake, kama alivyoandika. Basi aonyeshe! Akuwekee mfano wako kwenye handaki lao la upepo, auwashe, uungue mbele ya macho yako, na wewe uandike umeungua kwa sababu gani. Hapo utabadilisha mada ukiwa umesimama. Lakini kusema "wakubwa walijaribu ikashindikana," huo ni mstari mwekundu tu. Muulize walianzia wapi. Muulize kama kuna mtu aliyefungua kibati akatazama mikwaruzo.

Utaniambia, na nakujua utaniambia, "Lakini mama, hesabu yako mwenyewe inasema tulegeze kwanza. Basi na mimi nilegeze kwake, nikishaingia nitabana." Akili yako hiyo! Nimeliwaza hilo tangu juzi. Legeza, sikatai. Mwamkie kwa adabu, sikiliza mpaka amalize, fagia maabara kama wakikwambia ufagie, kubali kuanza na kazi ndogo. Hizo ni vidole vitatu, hazikupunguzii kitu. Ila kusaini kwamba jambo lako halipo, huko si kulegeza kibati, ni kumpa baba mkubwa mashine nzima na funguo zake. Mimi nilinyamaza siku moja kwa ajili ya usalama, nikadhani nitasema kesho. Kesho hiyo imechukua miaka kumi na mitatu kufika. Watu wanaiita heshima, lakini ilikuwa nidhamu ya woga, hakuna zaidi.

Lipo lingine ambalo baba mkubwa alikuuliza Pasaka, mbele ya wageni, akidhani anakukomoa: "Hiyo injini yenu si ndiyo ya makombora?" Ukasema inaweza kuwa. Nilipenda jibu lako kwa kuwa halikuwa la kuficha. Hapo sina ushauri wa kukupa, sijawahi kushika kitu kinachoweza kuua watu mbali hivyo. Najua tu kwamba anayejua pa kufungulia mdomo anajua na pa kuufungia. Ikifika siku hiyo, utasikiliza kwa masikio yale yale, na utapiga simu, na mimi sitasingizia mtandao.

Sasa nikueleze leo nimefanya nini, kabla hujasikia kwa watu.

Saa nane baba mkubwa alikuja kukuaga. Hukuwepo, ulikwenda kwa mchungaji. Akakaa kwenye benchi yake, akainama kuangalia mstari, kama kawaida. Mashine ilikuwa inakoboa. Mstari aliuona, kibati hakukiona penyewe, kilikuwa kimeshaingia ndani ya mstari. Akasema, "Mama Sekela, mbona kimepita?" Siku nyingine ningesema ni mtikisiko wa injini. Leo nikazima mashine. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye mafuta ya taa, nikasugua ile rangi mbele yake mpaka chuma kikabaki cheupe.

Akasema, "Umefuta mkono wa ndugu yangu."

Nikasema, "Nimefuta uongo wangu, shemeji. Mkono wa ndugu yako uko hapa chini." Nikafungua nati, nikatoa kibati, nikamwonyesha mikwaruzo. Alivaa miwani. Aliitazama muda mrefu, akaipitishia kidole kutoka nje mpaka ndani, mara mbili. Nilijiandaa kwa vita. Nilisema moyoni, leo thubutu, leo aniitie ukoo mzima wa Mwaya, nitasimama tena na kanga yangu. Hakusema neno la vita. Alisema tu, "Kwa hiyo yule mtoto siku ile…" hakumaliza. Akachukua fimbo yake akaondoka. Sijui kesho atakuja na wazee au atakuja peke yake. Akija na wazee, watanikuta. Mashine wakiitaka waje waipige hendeli wenyewe tuone kama itawaka.

Ndipo nikafunga, nikatafuta kalamu.

Sekela, basi lako ni saa mbili. Usipitie njia ya stendi moja kwa moja. Njoo mashineni saa kumi na mbili na nusu, na uingie ndani, usiniachie kitu kizingitini. Mama Lugano atakuwa wa kwanza kwenye foleni, nimemwomba aje, na nimemwomba awaite wale wengine wa siku ile walio hai. Nimekuwekea spana juu ya benchi, ile ile, pale pale ulipoiacha. Kopo la rangi nyekundu liko chini yake, limefunguliwa tayari, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeganda na nilitaka nikipambanie mimi.

Piga alama mbili. Ya ndani ni ya baba yako, mrudishie mahali pake, alikuwa sahihi. Ya nje, vidole vitatu, ni yako. Halafu legeza, washa, na ubane kwa masikio yako. Mimi nitashika debe na kumwaga mpunga, na mchele ukianza kuwa mweupe nitawaambia wote, kwa sauti ya kuzidi injini, ni nani aliyenifundisha kuiwasha mashine hii na ni nani aliyempiga kofi. Sitalia. Au nitalia, na wataona, potelea mbali.

Ukitoka hapo utakwenda na pumba kwenye nywele mpaka uwanja wa ndege. Usizipanguse. Na huko, wakikuwekea ile fomu mezani, kabla hujashika kalamu yao waambie kwamba huko kwenu Kyela ipo mashine moja inayoanza kwa alama yako.

Ndaga fijo, mwana gwangu. Asante hiyo nimechelewa kuisema.

Ni mimi, juba wako, mama yako, niliyeuona mchele unaanza kuwa mweupe nikazima.